Kimea Kinachokauka Bila Kufa: Vigoga na Maji ya Ishiara

Haya ni mazungumzo yaliyoandaliwa kwa baraza la wananchi wa Ishiara, Wadi ya Evurore, Kaunti Ndogo ya Mbeere Kaskazini. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu ili wakazi wa sehemu nyingine za Kaunti ya Embu, na hasa walimu na wanafunzi, wayasome na kuyajadili.



Katika baraza nyingi za Mbeere, neno maji likitajwa watu hufikiria visima, matangi, mabomba na mito. Leo mazungumzo yanahusu kitu kidogo zaidi, ambacho watu hukikanyaga kila siku bila kukitazama. Ni ule utando wa kijani, laini kama zulia, unaoota juu ya mawe, kwenye magome ya miembe, kwenye kingo za matuta ya shamba, nyuma ya tangi la maji na kwenye kuta za zamani ambazo hazikupakwa rangi. Wakati wa kiangazi hugeuka kahawia au weusi, ukavunjika ukiguswa kama majani makavu ya chai. Mvua ikinyesha, hurudi kijani kabla hata mwenye shamba hajamaliza kutafuta jembe.

Mimea hii inaitwa vigoga. Wengi huiita kuvu au ukungu, lakini hayo ni majina ya kitu kingine. Kuvu haina rangi ya kijani ya majani, nayo huishi kwa kula vilivyooza au kwa kunyonya viumbe vingine. Kigoga ni mmea kamili. Kina vishina na vijani vidogo sana, na hujitengenezea chakula chake kwa mwanga wa jua kama mahindi au ndengu. Kinakosa maua, mbegu na mizizi ya kunyonya maji. Kimejishikiza tu kwenye jiwe au udongo kwa nyuzi nyembamba.

Hapo ndipo swali la leo linapoanzia. Mmea usio na mizizi ya kunyonya maji unaishije Ishiara?

NJIA NNE ZA KUISHI NA UKAME

Kaunti ya Embu imeteremka kama ngazi. Kilele chake ni Mlima Kenya wenye mita 5,199, na chini kabisa, kwenye bonde la Mto Tana, ni mita 515 hivi juu ya usawa wa bahari. Ishiara iko kwenye ngazi za chini. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, na wakulima wa Mbeere wanajua kwamba zile za mwisho wa mwaka ndizo za kutegemewa zaidi. Sehemu kavu za kaunti hupata takriban milimita 640 tu kwa mwaka. Kati ya msimu na msimu kuna miezi ya jua kali na upepo.

Mimea ya hapa imejifunza njia mbalimbali za kuvumilia miezi hiyo. Mgunga huchimba: mizizi yake hushuka mbali kufuata unyevu ulio chini. Mbuyu huweka akiba: shina lake nene hubeba maji ya kutumia baadaye. Ndengu hukimbia: huota, huchanua na kukomaa kwa muda mfupi, ikamaliza kazi kabla ardhi haijakauka, kisha mbegu husubiri ghalani.

Kigoga hakina njia yoyote kati ya hizo. Hakiwezi kuchimba, hakina shina la kuwekea akiba, na hakiondoki. Njia yake ni ya nne. Hushika maji kadiri kinavyoweza, yakiisha hukauka kabisa, na hubaki pale pale kikisubiri. Mahindi yakikauka hivyo, ni ya kulisha ng'ombe. Kigoga kikikauka hivyo kimelala tu.

NAMNA KINAVYOSHIKA MAJI

Jani la muhindi lina ngozi ya nta inayozuia maji yasitoke ovyo, na lina vitundu vidogo vinavyofunguka na kufungika. Maji huingia kwa mizizi na kupanda ndani ya shina. Jani la kigoga kwa kawaida lina unene wa seli moja tu, na nta yake ni kidogo sana au haipo. Kwa hiyo maji huingia moja kwa moja kupitia uso wa jani. Mvua, umande wa alfajiri, hata ukungu ukipita, vyote hunywewa na mmea mzima kwa wakati mmoja, kama kitambaa kinavyofyonza maji yaliyomwagika mezani.

Sehemu kubwa ya maji ya kigoga haikai ndani ya seli. Hukaa nje, katika nafasi nyembamba zilizo kati ya jani na jani, na kati ya kishina na kishina. Nafasi zikiwa nyembamba, maji hujikamata humo na hayadondoki. Mtu akitaka kuona jambo hili achukue ufagio wa makuti, auchovye kwenye ndoo na kuunyanyua. Kuti moja moja hubeba tone dogo, lakini ufagio mzima hutoka na maji mengi yaliyokwama katikati. Ndiyo maana kigoga kilichoshiba kinaweza kubeba maji yenye uzito mara kadhaa kuliko uzito wake kikiwa kikavu.

Umbo nalo linahesabiwa. Katika maeneo makavu, vigoga vingi haviishi kimoja kimoja. Hujikusanya pamoja kama mto mdogo wa kulalia, vishina vimebanana, vichwa vikiwa usawa mmoja. Kila mama anayefua anajua sababu. Shuka likitandazwa juu ya ua hukauka kabla ya adhuhuri. Likiachwa limekunjwa, jioni bado lina unyevu katikati. Upepo huchukua maji ya juu tu, na yale ya ndani hubaki yamefunikwa. Kigoga kilichobanana hukauka polepole, na tutaona baadaye kwamba neno "polepole" ndilo linaloamua kama kitaishi au kitakufa.

Vigoga vingine vina mbinu zaidi. Kipo kigoga kinachoitwa kitaalamu Bryum argenteum, ambacho huota karibu duniani kote, Kenya ikiwemo, kwenye nyufa za saruji na kando ya barabara za mji. Ncha za majani yake hazina rangi ya kijani, kwa hiyo hung'aa kama fedha na kurudisha sehemu ya mwanga wa jua. Kingine ni Hyophila involuta, kinachopenda mawe na kuta zinazolowa mara kwa mara. Kikianza kukauka, majani yake hujikunja kwa ndani, na uso unaopigwa na upepo hupungua. Vingine vina unywele mweupe kwenye ncha ya kila jani. Kwa pamoja, nywele hizo hupunguza kasi ya upepo juu ya mmea na kuupa kivuli chepesi.

Nywele hizo zina kazi nyingine pia. Mwaka 2016 watafiti walionyesha kwamba kigoga cha jangwani kiitwacho Syntrichia caninervis hutumia nywele zake kukamata umande na ukungu. Matone madogo sana huanzia kwenye vijifereji vya unywele, hukua, kisha huteremka hadi kwenye jani. Mmea huo hunywa kwa ncha.

NAMNA KINAVYOPOTEZA MAJI

Pamoja na mbinu zote hizo, Ishiara ni Ishiara. Jua la saa saba likipiga jiwe, maji ya nje hukauka kwanza, kisha ya ndani ya seli. Kigoga hakina namna ya kuyazuia. Hukauka hadi kikawa sawa na hewa iliyokizunguka. Kikiwa katika hali hiyo, maji yaliyobaki ndani yake ni machache mno, mara nyingi kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wake mkavu.

Kinachokiokoa ni maandalizi. Vigoga vinavyoweza kukauka hivi huwa na sukari nyingi ndani ya seli, ya aina ile ile inayowekwa kwenye chai, pamoja na protini za kukinga. Maji yakiondoka, sukari hiyo hushikilia viungo vya seli mahali pake, visisagane wala visigandamane, kama asali iliyoganda inavyomshikilia mdudu bila kumponda. Kazi zote husimama. Hakuna kupumua kwa maana ya kawaida, hakuna kukua, hakuna kutengeneza chakula. Kigoga kikavu hata joto hukivumilia zaidi kuliko kikiwa kimelowa, kwa sababu hakuna kinachoendelea ndani yake cha kuharibika.

Mwaka 2024 wanasayansi wa Uchina waliripoti kwamba Syntrichia caninervis kinaweza kupoteza zaidi ya asilimia 98 ya maji ya seli zake na kuzinduka mara tu kinapolowa. Sampuli zao zilihifadhiwa miaka mitano katika baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, kisha zikaota tena. Si kila kigoga kina nguvu kiasi hicho. Vile vya misitu ya mvua, kama msitu wa Mlima Kenya upande wa juu wa kaunti hii, vingi hufa vikikauka namna hiyo. Vinavyopatikana kwenye mawe makavu ya nyanda za chini ni vile vilivyoweza kuhimili.

Lakini maandalizi yanahitaji muda. Kigoga kikikauka kwa saa nyingi, seli hupata nafasi ya kupanga mambo yake, na kikilowa tena huamka haraka. Kikikauszwa kwa ghafla na upepo mkali na jua kali, huharibika zaidi na huchukua muda mrefu kujirekebisha, au hakiamki kabisa. Kivuli cha mti mmoja, ubavu wa jiwe usiopigwa na jua la mchana, au ule mbanano wa vishina, ndivyo vinavyokipa muda huo. Mti ukikatwa juu yake, kigoga kile kile, juu ya jiwe lile lile, kinakaushwa kwa kasi nyingine.

KUAMKA KUNA GHARAMA

Mvua ikigusa kigoga kilicholala, dakika za kwanza ni za fujo. Tando za seli zilizokauka huvuja, na sehemu ya chumvi na sukari humwagika nje. Kisha seli huziba nyufa zake, huanza kupumua kwa nguvu na kutumia akiba ya sukari kulipia matengenezo. Baada ya hapo tu ndipo mwanga wa jua unapoanza kuleta chakula kipya. Kama unyevu utadumu saa kadhaa, kigoga hulipa deni na kubaki na faida. Unyevu ukiondoka mapema, kitalala tena kikiwa na akiba pungufu kuliko kabla ya mvua.

Kila mkulima wa Mbeere anaielewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Mvua ya kudanganya hushuka katikati ya Oktoba, watu wanapanda ndengu na kunde, mbegu inaamka, kisha jua linarudi wiki tatu. Mbegu iliyobaki ghalani ingekuwa hai hadi sasa. Iliyoamshwa na mvua ndogo imekwisha.

Jambo hilo lilipimwa Marekani, katika uwanda mkavu wa Colorado, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012. Watafiti walinyunyizia vipande vya ardhi mvua ndogo ndogo za milimita 1.2 wakati wa kiangazi, mara nyingi kuliko kawaida. Vigoga vilikuwa vimefunika takriban robo ya ardhi hiyo. Baada ya msimu mmoja tu vilibaki chini ya asilimia 2. Mmea uliokuwa umestahimili ukame wa miaka mingi uliuawa na maji. Kila mvua iliuamsha, ikauchukulia akiba, na haikukaa vya kutosha kuurudishia.

Hii ndiyo sababu ya kulileta jambo la vigoga katika baraza la Ishiara. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa 2022, maeneo mengi kame na nusu kame ya Kenya yalikosa mvua ya kutosha kwa misimu mitano mfululizo. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024, mvua kubwa zilisababisha mafuriko sehemu nyingi za nchi. Watu wakizungumzia mabadiliko ya tabianchi huhesabu milimita za mwaka mzima. Kigoga kinafundisha kwamba jumla peke yake haitoshi. Namna mvua inavyogawanyika, muda inaokaa ardhini, na kasi ya kukauka baada yake, ndivyo vinavyoamua nini kitaishi. Mvua na jua haviko mikononi mwa mwananchi. Kasi ya maji kuondoka shambani na mlimani, kwa sehemu kubwa, iko mikononi mwake.

KIDOGO KIDOGO HUJAZA KIBABA

Faida ya vigoga kwa maji imepimwa vizuri hapa hapa Afrika Mashariki, ingawa ni katika mahali penye mvua zaidi ya Mbeere. Mtaalamu wa mimea kutoka Hungaria, Tamás Pócs, aliyewahi kufanya kazi Morogoro, Tanzania, alichunguza misitu ya milima ya Uluguru na kuchapisha matokeo yake mwaka 1980. Katika msitu wa karibu na kileleni, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, alikuta mimea inayoota juu ya matawi na mashina, ambayo sehemu yake kubwa ni vigoga na jamaa zake, ikifikia tani 14 za uzito mkavu kwa hekta moja. Mvua moja ikinyesha, mimea hiyo iliweza kushika lita 50,000 za maji kwa hekta. Kwa hesabu ya ekari ni kama lita 20,000, yaani matangi mawili ya lita 10,000 katika kila ekari, bila saruji na bila fundi. Maji hayo hayashuki mlimani kwa kishindo. Hudondoka taratibu, mengine hurudi hewani, na mengine huingia ardhini na kulisha chemchemi.

Vilima vya Mbeere havina tani 14. Mlima Kiang'ombe, unaozidi mita 1,800, una nafasi ya kushika unyevu zaidi kuliko bonde lililo chini yake, lakini si Uluguru. Katika nchi kavu kazi ya vigoga iko zaidi chini, juu ya udongo wenyewe. Hapo huungana na viumbe wengine wadogo, wakiwemo bakteria wa kijani-buluu na yale mabaka ya kijivu yanayobandika kwenye mawe, ambayo ni kuvu na mwani walioshikamana kuishi pamoja. Kwa pamoja hufanya gamba jembamba linalofunga chembe za udongo. Tone la mvua linalopiga udongo mtupu hulipua chembe na kuziba vinyweleo, na maji yanaanza kukimbia. Tone linalopiga gamba lenye kigoga huanguka juu ya godoro.

Gamba la namna hii hufunika takriban asilimia 12 ya nchi kavu yote duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba hupunguza vumbi linalopeperushwa duniani kwa karibu asilimia 60. Wanaoishi kando ya barabara za vumbi za Mbeere wanaweza kufikiria hali ingekuwaje pasipo kizuizi chochote.

Udongo unaoondoka hapa haupotei bila kujulikana. Huingia kwenye makorongo, ukateremka hadi Mto Ena na Mto Thuci, na mwisho Mto Tana. Mwenye shamba hubaki na mawe. Na safu ile ya juu, inayoondoka kwanza, ndiyo yenye mbolea.

KINACHOLIHARIBU GAMBA HILI

Nguvu ya kigoga ni kukauka. Udhaifu wake uko hapo hapo. Kikilowa hunyumbulika, kikiwa kikavu huvunjika. Kwato za mbuzi mia moja zikipita njia ile ile ya mlimani kila siku ya kiangazi, gamba husagika likawa vumbi. Magurudumu ya pikipiki hufanya vivyo hivyo. Moto uliowashwa kusafisha shamba huunguza hata kile ambacho jua halikuweza kukiua. Kukata miti ya makaa huondoa kivuli kilichokuwa kikipunguza kasi ya kukauka. Kuchimba mawe ya ujenzi bila mpango huondoa makao yenyewe.

Kurudi kwake ni kwa polepole. Kigoga hukua siku zile tu ambazo kimelowa, na Ishiara siku hizo ni chache. Hata kuzaana kwake kunahitaji maji, kwa sababu mbegu ya kiume lazima iogelee katika unyevu mwembamba kuifikia ya kike. Gamba lililosagwa kwa msimu mmoja linaweza kuchukua miaka mingi kujengeka upya. Kuna jambo moja la kutia moyo: kipande kidogo kikavu cha kigoga, kikipeperushwa na kutua mahali palipotulia, kinaweza kuchipua. Mahali hapo pakiachwa papumzike, kazi huanza yenyewe.

MWANANCHI AFANYE NINI?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji, pamoja na misitu. Lakini hakuna afisa anayeweza kusimama juu ya kila jiwe. Yafuatayo yako ndani ya uwezo wa kila boma.

Kwanza, mifugo mlimani. Hakuna anayesema mbuzi wasilishwe. Njia zibadilishwe, na sehemu zenye mteremko mkali na udongo mwembamba zipumzishwe, hasa kiangazi gamba likiwa kavu na rahisi kusagika.

Pili, kingo za matuta. Baada ya kuchimba matuta ya kuzuia maji, wengi hukwangua kingo zake kila msimu zionekane safi. Ukingo wenye utando wa kijani una kinga. Magugu yang'olewe, utando uachwe.

Tatu, miembe. Wapo wakulima wanaokwangua vigoga kwenye shina wakidhani vinanyonya mti. Havinyonyi. Havina mizizi ya kuingia ndani ya gome, vinatumia shina kama mahali pa kukaa tu. Mimea inayonyonya mti kweli ni ile yenye majani mazito inayochomoza katikati ya matawi ya mwembe au mgunga, ikiwa imeingiza mizizi yake ndani ya tawi. Hiyo ndiyo ya kukatwa, na afisa wa kilimo wa wadi anaweza kuonyesha tofauti.

Nne, paa, mifereji na matangi. Hapa ushauri unageuka, na ni vizuri kusema wazi. Kwenye paa la kuvunia maji, au juu ya mwamba unaoelekezea maji kwenye tangi, vigoga viondolewe. Sababu ni ile ile inayovifanya vifae mlimani: vinashika maji. Mvua ya kwanza itaishia kwao, na vitachanganya uchafu na maji ya kunywa. Mlimani maji yanatakiwa yachelewe. Kwenye paa yanatakiwa yafike tangini.

Tano, kivuli. Mgunga mmoja ulioachwa katikati ya malisho haupi ng'ombe tu mahali pa kupumzika. Unarefusha saa ambazo ardhi iliyo chini yake hubaki na unyevu baada ya mvua, na saa hizo ndizo zinazoamua.

JARIBIO KWA SHULE

Walimu wa sayansi wanaweza kulifanya somo hili kwa mikono ya wanafunzi, bila gharama. Kikwanguliwe kigoga kikavu kutoka ukuta wa shule au tangi, si kutoka mlimani. Kigawanywe vipande viwili vinavyolingana. Vyote viloweshwe kwa maji kidogo, na wanafunzi watazame kwa makini, kwa lenzi au kamera ya simu, majani yakifunguka na rangi ikirudi.

Kisha kipande kimoja kiachwe kikiwa kimebanana kama kilivyokuwa, na cha pili kichambuliwe kishina kimoja kimoja na kutandazwa. Vyote viwekwe kwenye sahani mahali pamoja. Kila nusu saa wanafunzi waviguse na kuandika kipi bado kina unyevu. Kilichotandazwa kitakauka kwanza. Baada ya hapo mwalimu aulize: shamba langu linafanana na kipande kipi?

Swali hilo ni la watu wazima pia. Mbeere haitapata mvua ya Runyenjes. Itaendelea kupata mvua chache, nyingine ndogo za kudanganya, nyingine kubwa za kubomoa. Tofauti kati ya boma lenye udongo na boma lenye mawe itatokana na muda ambao kila tone limekaa kabla ya kuondoka. Kigoga, kisicho na mizizi wala ghala, kimeishi kwa kuongeza muda huo dakika chache chache, na kwa kutulia pale yalipokwisha.

Kabla ya mvua zijazo, kila mtu atazame nyuma ya nyumba yake, kwenye jiwe lililo kivulini na kwenye ukingo wa tuta. Pale penye weusi mkavu unaoonekana kama uchafu, asikwangue. Amwagie kikombe kimoja cha maji, kisha awaite watoto waone.